Binti Aliyeahidiwa kwa Mtakatifu Ana

Saint-Aurèle, Beauce
Jumapili, 10 Desemba 1944

Kaka Ovila mpendwa,

Leo ni tarehe kumi Desemba, na kabla sijaandika jingine naahidi kukuambia yote bila kuruka, hata yale ambayo Mama amesema nisiyaandike. Nitafuata mpangilio anaotufundisha Sista Apolline darasani: kwanza lililotokea, halafu lililofuata, na maoni mwishoni.

Simu ya maandishi ya kwanza kutoka jeshini ilifika siku ya kuchinja nguruwe. Mama alikuwa na damu mpaka kwenye viwiko, akikoroga ya soseji isigande. Bibi Pomerleau wa posta aliileta mwenyewe kwa miguu, na alipokataa kuketi tukajua. Iliandikwa kwa Kiingereza. Hapa nyumbani mwenye Kiingereza ni mimi peke yangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyetamka kwamba hujulikani ulipo tangu vita vya Uholanzi. Baba alisema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Hiyo ya pili ni mbaya kama ya kwanza," akatoka kwenda kwa ng'ombe.

Majirani walikuja, lakini si wote. Unajua wanavyosema hapa juu ya waliokwenda kwa hiari yao. Mzee Poulin alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Pole, jirani. Ila wangu walipoitwa jeshini kwa lazima, niliwaambia vita vya Mfalme wa Uingereza apigane Mfalme wa Uingereza." Mama akamjibu, "Ndiyo maana wako wanajificha porini kama sungura," akamfungia mlango. Sikuwahi kumsikia Mama akisema hivyo.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, watu wakiwa bado wanafunga vifungo vya makoti, Mama alikwenda mbele ya sanamu ya Mtakatifu Ana akaweka nadhiri kwa sauti. Alisema ukirudi nyumbani ukiwa hai, atamtoa binti yake kwa masista. Padre alisikia, parokia nzima ilisikia. Wiki mbili baadaye ikaja simu ya pili: umepatikana, umejeruhiwa, uko hospitali Uingereza.

Sasa kila mtu ananigusa mkono nikipita, kama mtu anayegusa maji ya baraka. Noëlla Poulin, ambaye tunakaa dawati moja, ananiita Sista Blandine. Juzi alipiga magoti mbele yangu barabarani kwenye theluji, akasema, "Sista, niombee mume, ila awe anayelala kitandani, si kama kaka yangu Télesphore anayejificha na kulala msituni, kwenye banda la kuchemshia sukari ya miti."

Maoni yangu ni haya: nimefurahi. Uko hai, na mimi nina miaka kumi na mitano na afya njema, na binti katika nyumba hii ni mmoja tu. Nilikuwa nimeanza kujiandaa kwa mtihani wa chuo cha ualimu, lakini hilo si kitu. Usinifikirie mimi. Fikiria kupona.

Mdogo wako,
Blandine Quirion


Hospitali ya jeshi, Uingereza
14 Januari 1945

Profesa wangu,

Barua yako imesomwa wodi nzima. Jamaa wa kitanda cha pili, mtu wa Gaspé, amesema mama yetu angekuwa jenerali vita vingekwisha zamani.

Mimi sijambo. Mguu upo, unauma tu kukiwa na baridi, yaani kila siku. Sikio la kushoto halisikii tena. Hilo usimwambie Mama. Manesi hapa ni wazuri na chai yao ni mbaya. Kuna afisa mmoja hutupigia kelele tuongee "kama Wakristo," maana yake Kiingereza; mimi namgeuzia sikio la kushoto.

Lakini hii nadhiri. Umeiandika kama mtu anayetangaza bei ya mayai. Masista gani? Wale wako wa shule, wanaofundisha na kwenda kutazama wagonjwa? Na lini? Tena nataka maneno yenyewe aliyosema Mama, neno kwa neno. Wewe una kumbukumbu inayonata kama stempu, usinidanganye kwamba umesahau.

Mwaka wako wa kwanza shuleni ulikuwa ukiwafundisha kuku kusoma. Uliwapanga kwa urefu. Bado nakumbuka ulivyomwadhibu jogoo kwa utoro.

Wako,
Ovila


Saint-Aurèle
Jumapili, 25 Februari 1945

Kaka Ovila,

Umeuliza nami najibu, kwa kuwa niliahidi yote.

Mama alisema hivi: "Mtakatifu Ana, mama kwa mama. Siku Ovila atakapovuka kizingiti cha nyumba yangu kwa miguu yake, binti yangu ni wako, nyuma ya kimiani." Kwa hiyo si masista wa shule. Ni wale wa Quebec wasiotoka nje ya nyumba yao ya watawa maisha yote. Mama anasema huwezi kumwomba Mungu mtu mzima halafu umlipe nusu. Nitaingia Septemba ya kwanza baada ya wewe kurudi.

Tulikwenda kuwatazama mwezi uliopita, mimi na Mama, kwa treni. Walitupokea kwenye chumba kisafi sana chenye harufu ya nta. Kuna kimiani, yaani wavu wa chuma, na nyuma yake pazia jeusi. Sauti ilitoka nyuma ya pazia ikasema, "Karibu, mwanangu." Ilikuwa sauti nzuri. Nilitaka kuonyesha adabu, nikauliza kama wana vitabu. Ikajibu, "Tuna vitabu vya sala." Nikauliza kama kuna hesabu. Sauti ikacheka kidogo, ikasema, "Huku hakuna cha kuhesabu." Mama alilia kwa furaha njia nzima.

Habari nyingine. Polisi wa jeshi walikuja kumtafuta Télesphore. Walimuuliza Mzee Poulin, "Mwanao yuko wapi?" Akajibu, "Nina kumi na mmoja, mnamtaka yupi? Kuna mmoja anaota meno, mchukueni huyo, kelele zimenichosha." Wakapekua ghala, wakachoma nyasi kwa vyuma virefu. Mama aliwaona kutoka dirishani, akasema, "Maskini, wana baridi," akawapelekea supu ya njegere. Kisha akachota bakuli jingine, akampa Noëlla bila neno, naye akapanda nalo msituni. Baba alisema Mama ndiye pekee Beauce nzima anayelisha majeshi mawili.

Sukari imepunguzwa tena kwenye kuponi, lakini miti yetu ya sukari haijui kuponi. Utomvu wake mtamu utaanza kutiririka karibuni. Sista Apolline ameniazima kitabu chake cha aljebra mpaka Pasaka. Nilimwambia sitakihitaji. Akasema, "Sikukuuliza kama unakihitaji. Nimesema mpaka Pasaka."

Vita vinakaribia kwisha, redio inasema. Njoo upesi. Nakungoja kwa moyo wote, na hilo ni kweli kabisa.

Blandine


Montréal
20 Agosti 1945

Mdogo wangu,

Nimeshuka melini Julai. Nilipaswa kuandika mapema, ninajua. Kulikuwa na bendi na wanawake wenye maua, na mimi nilitafuta choo.

Sitaweza kuja kwa sasa. Daktari anataka kuutazama mguu kila wiki. Halafu nimepata kazi kwenye ghala la reli, na ukiacha kazi Montréal leo, kesho kuna ishirini mlangoni, wote wana medali. Viwanda vya risasi vimefunga, wasichana wamerudishwa majumbani na asante mkononi. Vyumba hakuna. Watu wanalala kwenye mabanda ya magari.

Mwambie Mama namkumbuka. Mwambie Baba asiuze ng'ombe majike kwanza.

Umefanya ule mtihani?

Ovila


Saint-Aurèle
Jumapili, 23 Septemba 1945

Kaka,

Ninakuandikia nikiwa na hasira, na Sista Apolline anasema mtu mwenye hasira aandike kwa mwandiko mkubwa ili achoke upesi. Ndiyo maana unaona herufi hizi.

Montréal si mwezini. Unapanda treni asubuhi, unafika kwa chakula cha jioni. Mama ameweka sahani yako mezani tangu barua yako ilipofika. Kila treni ikilia darajani anavua aproni, anaitazama barabara, halafu anaivaa tena. Baba amevuna peke yake na mgongo ule. Juzi alikaa kwenye ngazi, akaniambia, "Kama hataki shamba aseme hataki. Nitauza nitulie." Hajawahi kusema neno kuuza kwa sauti ile.

Watu wanasema una mke Mwingereza. Kama ni kweli, sema tu. Hata akiwa Mprotestanti. Mama atalia wiki nzima, kisha atamfumia soksi. Au unatuonea haya? Umeona dunia, sisi bado tunanuka ng'ombe?

Umeuliza mtihani. Sikuufanya. Ningefanya kwa ajili gani? Mama ameshona vyote vinavyotakiwa: soksi nyeusi, leso, mashuka, kila kimoja na herufi zangu kwa uzi mwekundu. Sanduku liko miguuni pa kitanda changu, nalipita kwa upande nikilala. Septemba imefika na wewe hukufika, kwa hiyo na mimi nimebaki. Nimerudi darasani bila kujua mimi ni mwanafunzi wa nini. Noëlla anasema niko kama barua iliyobandikwa stempu ikasahauliwa mfukoni.

Sijui naomba nini. Njoo. Kama ni lazima niende, afadhali niende kuliko kukaa hivi, na Mama akonde, na wewe uwe huko kwa sababu ambayo hutaki kuisema.

Blandine


Montréal
30 Oktoba 1945

Blandine,

Sina mke. Si Mwingereza, si Mprotestanti, wala Mchina. Nani angenitaka, inabidi akae upande wangu wa kulia tu.

Siwaonei haya. Usirudie neno hilo.

Nimepata chumba, na utacheka: ninakaa na Télesphore Poulin. Alitoroka huko msituni akaja kufanya kazi mjini. Tulikutana kwenye baa, akanitambua, akatafuta mlango wa kutokea. Nikamwambia, "Kaa, sungura, kunywa." Yeye anafanya kazi zamu moja, mimi nyingine, kwa hiyo tunapokezana kitanda kimoja, akitoka ninaingia kikiwa bado na joto lake. Miaka yote ile serikali ilimtafuta aje jeshini alale kitanda kimoja na mimi. Sasa imefanikiwa.

Fanya mtihani wa Juni. Ninasema kama kaka yako mkubwa. Mambo yanabadilika.

Ovila


Saint-Aurèle
Jumapili, 6 Januari 1946

Kaka Ovila,

Sasa najua.

Nitaanza na asubuhi ya Mwaka Mpya. Tulipoamka Baba alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake, amenyoa, amevaa kola. Wadogo walisimama nyuma yangu. Kila mwaka tangu uondoke amesubiri kidogo, kama kwamba utashuka ngazi, kwa kuwa baraka huombwa na mtoto wa kwanza. Nilipiga magoti nikasema, "Baba, tunaomba baraka yako." Alinyoosha mkono ukakaa hewani. Akasema, "Ninambariki na yule aliyejinyima kuwa hapa." Mama akakimbilia jikoni, tukasikia masufuria.

Mchana Télesphore alikuja. Amerudi wazi, kwa mlango wa mbele, amevaa tai. Hakuna anayemtafuta tena. Mama alimkatia pai ya nyama, kipande kikubwa, akamuuliza juu yako mpaka akatoka jasho. Nilimsindikiza barabarani. Nikamwambia, "Télesphore, mimi nilikupelekea supu kwenye baridi ya kugandisha mate. Kwa nini kaka yangu haji?"

Akasema, "Ile supu aliileta Noëlla."

Nikasema, "Njegere nilichambua mimi."

Akatazama viatu vyake vipya. Akasema, "Aliniapisha. Ila mimi viapo vyangu unavijua, hata serikali iliniapisha." Kisha akanieleza. Kwamba mguu wako ulipona zamani. Kwamba umebandika ukutani, juu ya kile kitanda, ile barua yangu yenye maneno ya Mama, na umepigia mstari neno kizingiti. Kwamba ulimwambia, "Nisipovuka, hadaiwi. Nitakaa huku mpaka awe mwalimu na funguo za shule yake mwenyewe."

Kaka. Mimi nilikuita asiyetutaka. Niliandika kwa herufi kubwa.

Usinijibu kwa mzaha safari hii.

Blandine


Montréal
15 Januari 1946

Blandine,

Télesphore atakula supu yangu moja, ya ngumi. Lakini sawa.

Ni kweli. Nilipoisoma barua yako kule hospitali nililala macho wazi. Nilikuwa nikiwaza nyumbani kila siku, ile harufu ya ghala, Baba akikohoa kabla ya kuingia. Halafu nikaona kwamba nikiingia mlango mmoja wewe unafungiwa mwingine. Nilikwenda vitani kwa hiari yangu, hakuna aliyenisukuma, na kijiji kizima kiliniambia nisiende. Kwa nini wewe ndiye ulipe nauli yangu ya kurudi?

Umesema nisifanye mzaha, basi nitakuambia ambalo sijamwambia mtu. Kule Uholanzi tulikuwa wanne kwenye mtaro mmoja, maji mpaka kifuani. Watatu walikufa. Sikuwa nimefanya lolote tofauti na wao. Nilisimama palepale waliposimama. Mtu wa kushoto kwangu alikuwa akisimulia mambo ya pikipiki yake. Wiki nyingi nilijiuliza kwa nini mimi, na hakuna aliyejibu, mpaka barua yako ikafika na kuniambia mama yangu alifanya nini siku zilezile. Unaelewa? Nilitaka kucheka nikashindwa.

Kwa hiyo mambo yabaki yalivyo. Mimi sijambo hapa, nina kazi, nina nusu ya kitanda. Wewe fanya mtihani. Mama usimwambie lolote. Akijua kwamba ninakaa mbali makusudi itamuua. Miaka inapita, utaona. Watu wengi wamekaa mbali na kwao kwa sababu ndogo kuliko hii.

Ovila


Saint-Aurèle
Jumanne, 5 Februari 1946

Kaka Ovila mpendwa,

Sikukutii. Nakueleza yote, kwa mpangilio, na mwisho sitatoa maoni bali nitakuuliza swali.

Kwanza nilikwenda kwa Sista Apolline. Nilimkuta akisafisha ubao. Nilimuuliza kama mtu anaweza kuwekewa nadhiri na mwingine. Hakushangaa, nadhani amekuwa akiningoja tangu kile kitabu cha aljebra. Akasema, "Mlangoni pa watawa wanauliza: unakuja kwa hiari yako? Wanakuuliza wewe, Blandine. Sijawahi kusikia wakimuuliza mama wa mtu."

Nikasema, "Nikijibu hapana?"

"Basi unarudi nyumbani kula chakula cha jioni."

"Na nikijibu ndiyo, na si kweli?"

Akaweka kifutio chini. "Mimi niliulizwa nikiwa na umri wako nikasema ndiyo, na ilikuwa kweli. Kuna asubuhi za baridi ambazo hiyo tu ndiyo iliyoniamsha. Usiende mahali pale bila hiyo."

Halafu nilikwenda kwa Padre. Alinung'unika sana juu ya njia za mkato, kwamba wanawake hufanya mikataba na mbingu bila kupita kwake. Lakini alisema nadhiri ya namna hiyo inaweza kubadilishwa. Mama aende kuhiji kwa miguu mpaka kanisa kuu la Mtakatifu Ana, afunge, awape maskini nguo zilizomo sandukuni. Nilitoka pale nikirukaruka kwenye theluji kama mtoto.

Jana ilikuwa siku ya kufua. Nilimsaidia Mama kuingiza nguo. Zilikuwa zimeganda kama mbao, suruali za ndani za Baba zilisimama zenyewe jikoni kama mgeni. Kwa kawaida hapo tunacheka. Nilisema, "Mama, sitaki kwenda nyuma ya kimiani."

Aliendelea kukunja shati ambalo halikunjiki.

"Unaogopa tu," akasema. "Wote huogopa."

"Siogopi. Sitaki. Nikiulizwa mlangoni nitasema hapana, kwa kuwa umenifundisha nisiseme uongo."

Akaketi. Nikamweleza ya Padre, hija na kufunga. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Nilimwomba uhai wa mtu. Nimlipe kwa malengelenge ya miguu?"

Ndipo nikamwambia ulilonikataza. Kwamba unajua, na ndiyo maana huji. Nilifikiri atalia, kisha atalegea, kisha aseme, mwandikie aje. Niliyapanga moyoni mwangu mazungumzo yote, na sehemu ya Mama niliiandika vizuri sana. Lakini Mama aliliweka shati chini, rangi ikarudi usoni mwake, akasema, "Kumbe mwanangu ana akili."

"Mama?"

"Asije. Mwandikie asije. Akivuka hapa na deni halijalipwa, Aliyempa uhai atamchukua. Bora nimkose mezani kuliko nimkose duniani." Akainuka, akaitoa sahani yako mezani, akaifuta ingawa ilikuwa safi, akaiweka kabatini juu kabisa. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyeokoa kitu motoni. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Baba alikuwa ameingia na kuni, sijui amesikia kuanzia wapi. Akasema, "Ng'ombe akiuzwa mnaniuliza. Binti ameahidiwa kanisani mbele ya kina Poulin, hakuna aliyeniuliza. Nusu yake ni yangu, na nusu yangu haiendi popote."

Mama akasema, "Wewe huelewi mambo haya, mzee."

Baba akasema, "Ninaelewa kwamba nilikuwa na watoto wakubwa wawili, na vita vimekwisha, na sina hata mmoja."

Hakuna aliyekula. Barafu kwenye nguo iliyeyuka ikadondosha maji sakafuni, hatukuyapangusa.

Kwa hiyo hali ni hii. Mimi nimesema hapana, na nitaufanya mtihani wa Juni; Sista Apolline amekwisha kuandika jina langu. Kimiani hakinipati tena. Lakini sijisikii kama mtu aliyetoka kifungoni. Mama ameanza kusali rozari usiwe na hamu ya nyumbani. Fikiria, anamwomba Mungu utusahau. Na wewe ukiendelea kukaa huko, atasema sala zake zimejibiwa, na Baba atauza, na mimi nitakuwa mwalimu katika nchi ambayo kaka yangu hawezi kuingia nyumbani kwao kwa sababu nilisema ukweli.

Hakuna mwingine wa kulivunja hili. Padre hawezi, nimemtuma jana hiyohiyo akarudishwa mlangoni. Baba hawezi. Mimi nimefanya upande wangu. Dawa ya Mama ni moja: akuone umeingia, umekula, umelala, umeamka, na kesho yake tena, na tena, mpaka achoke kungoja ufe. Itachukua muda, na utakuwa muda mbaya. Atakuwa akikuangalia unapokata kuni. Ukikohoa atapiga magoti.

Nimeisoma barua yako ya Januari mara nyingi, Kaka, hasa ule mtaro na yule mtu wa pikipiki. Mara ya kwanza niliona ulichonifanyia, nikalia. Baadaye nikaona jambo jingine, na kwa kuwa tumeacha kufichana nitaliuliza. Sitakudharau kwa jibu lolote, maana nimekwisha kumwona Mama na najua hofu ya namna hiyo inavyofanana na upendo. Nijibu kwa posta ya kwanza, kabla Baba hajamwita mnunuzi.

Umekaa mbali ili mimi nisifungiwe, au na wewe unaamini kwamba ukiingia ndani utakufa?

Mdogo wako,
Blandine